Baisikeli Katikati ya Mji: Thika na Ruiru Zaweza Kujifunza Nini?

Katika miaka michache iliyopita limetokea jambo katika miji mikubwa ya Ulaya ambalo watu wengi hapo zamani wasingalilisadiki. Katika sehemu ya kale ya London iitwayo City, mahali penye mabenki makubwa na ofisi za biashara, baisikeli zipitazo mchana zimekuwa nyingi kuliko motakaa. Hesabu iliyofanywa huko mwaka 1999 ilionyesha motakaa zikitawala kila njia. Lakini hesabu ya mwaka 2022 ilipata baisikeli kama 89,000 kwa siku, na iliporudiwa mwaka 2024 zilikuwa zimefika kama 139,000.

London si peke yake. Katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ilitangazwa mwaka 2016 kwamba baisikeli ziingiazo katikati ya mji kwa siku zimezidi motakaa kwa mara ya kwanza tangu hesabu hizo zianze. Na huko Paris, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya kila safari 100 zifanywazo ndani ya mji, 11 zilikuwa za baisikeli na 4 tu zilikuwa za motakaa.

Msomaji wa Thika au Ruiru aweza kuuliza: habari hizi zatuhusu nini sisi? Zatuhusu, kwa sababu watu wa miji hiyo hawakuacha motakaa kwa umaskini. Wengi wao wana uwezo wa kununua motakaa, na wengine wanazo zimelala nyumbani. Waliziacha kwa kuwa waliona kwamba katikati ya mji uliojaa watu, baisikeli hufika upesi zaidi, tena kwa gharama ndogo. Shida hiyo ya msongamano sasa imefika kwetu, na yafaa tuitazame mapema kabla haijatushinda.

MIJI IMEKUA, BARABARA HAZIKUKUA

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Ruiru ina watu 490,120. Kwa hesabu hiyo Ruiru ilikuwa mji wa nne kwa ukubwa katika Kenya, ikifuata Nairobi, Mombasa na Nakuru, na idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mwaka 2009. Thika nayo ilikuwa na watu 251,407. Wazee wanaoikumbuka Ruiru ya mashamba ya kahawa na stesheni ndogo ya reli hawana budi kustaajabu wakiona majumba ya ghorofa yalivyosimama kutoka Kihunguro mpaka Kimbo, na kutoka Membley mpaka Mugutha.

Watu wameongezeka, lakini upana wa njia za katikati ya mji haukuongezeka, wala hauwezi kuongezeka sana, kwa maana pande zote mbili pana maduka na nyumba. Tazama njia za katikati ya Thika wakati wa jioni. Matatu zimejipanga kungoja abiria, malori yanashusha mizigo, pikipiki zinapenya katikati, na mtu aliyeketi ndani ya motakaa yake anatazama jinsi aendaye kwa miguu anavyompita.

Sababu ya msongamano huo si ubaya wa madereva peke yake. Sababu kubwa ni nafasi. Motakaa moja, hata ikiwa imembeba mtu mmoja tu, huchukua nafasi kubwa barabarani, na ikifika mwisho wa safari huhitaji mahali pa kusimama mchana kutwa. Mahali pa kuegesha motakaa moja paweza kutosha baisikeli kumi. Wataalamu wa barabara hukadiria kwamba njia yenye upana wa mita tatu na nusu, ikitumiwa na motakaa katika mji, hupitisha watu kama 2,000 kwa saa moja. Upana huohuo ukipewa baisikeli waweza kupitisha watu 12,000 au zaidi. Kwa hiyo mji ambao hauwezi kupanua barabara zake waweza kuzitumia vizuri zaidi zile ulizo nazo.

FAIDA KWA MFANYAKAZI

Mtu mzima akitembea kwa miguu huenda kama kilomita tano kwa saa. Akipanda baisikeli, bila kujitaabisha sana, huenda kama kilomita kumi na tano. Maana yake ni kwamba mfanyakazi atembeaye saa nzima kwenda kazini aweza kufika kwa dakika ishirini. Kwa siku moja, kwenda na kurudi, atakuwa ameokoa saa moja na dakika ishirini. Kwa juma la siku sita za kazi, hizo ni saa nane, yaani siku nzima ya kazi.

Hesabu hii si ya mchezo kwa watu wa Thika. Tangu zamani mji huu ni mji wa viwanda: viwanda vya nguo, vya kusindika mananasi, vya kuunda magari na vinginevyo. Kila alfajiri watu wengi hutoka Makongeni, Kiganjo na Kiandutu kwenda viwandani, na wengi wao huenda kwa miguu kwa sababu nauli ya kila siku ingekula sehemu kubwa ya mshahara. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na mwenye mshahara mdogo ndiye aumiaye kwanza. Baisikeli haipandishi nauli wakati wa mvua, wala haiulizi kama ni mwanzo au mwisho wa mwezi.

Tena nchi yetu hii yafaa kwa baisikeli. Thika na Ruiru ziko juu, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua lake si kali kama la pwani. Kweli pana mabonde ya mito, na mtu atokaye Chania akipanda kuelekea mjini atatokwa na jasho; lakini sehemu kubwa ya Makongeni na ya mitaa ya Ruiru si ya milima. Na safari nyingi za kila siku, za sokoni, shuleni, hospitalini na kazini, ni za kilomita chache tu. Hakuna mtu atakayeshauriwa kwenda Nairobi kila siku kwa baisikeli kutoka Thika, mwendo wa zaidi ya kilomita arobaini. Huko matatu na treni ndizo zifaazo. Baisikeli ni ya safari fupi za ndani ya mji, nazo ndizo zijazazo barabara zetu.

BAISIKELI SI MGENI KWETU

Wengine hudhani kwamba mambo ya baisikeli ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888 na baisikeli ikawa chombo cha kustarehesha kupanda, haukupita muda mrefu chombo hicho kikafika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1950 mwalimu, karani, mhubiri na mfanya biashara ya maziwa walijulikana kwa baisikeli zao. Raleigh ya Uingereza ilikuwa fahari ya nyumba, na baadaye zikaja baisikeli nzito za India na China ambazo watu wa Kenya walizipa jina la Black Mamba. Ziliweza kubeba gunia, kreti za mkate, hata mgonjwa wa kupelekwa hospitalini.

Hata neno bodaboda lilizaliwa juu ya baisikeli. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba, vijana walibeba abiria kwenye keria kuwavusha kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na mwito wao wa kuita abiria wa mpakani ukawa jina la kazi yenyewe. Desturi hiyo ikaenea Kisumu na miji mingine. Katika miaka ya 2000 zilipokuja pikipiki za bei nafuu, baisikeli ziliondolewa katika kazi hiyo karibu kila mahali, na jina likabaki kwa pikipiki.

Tangu hapo baisikeli imeshushwa heshima. Kijana akipata fedha kidogo hutamani pikipiki, na akipata nyingi hutamani motakaa. Mwenye baisikeli huonekana kama mtu ambaye hajafanikiwa. Lakini ukiwauliza watu kwa nini hawapandi baisikeli mjini, aghalabu jibu la kwanza si aibu. Jibu la kwanza ni hofu: wanaogopa kugongwa. Na hofu hiyo ina sababu.

BARABARA KUU NA HATARI YAKE

Barabara kuu ya Thika, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012. Ni barabara ya kama kilomita hamsini, na karibu na Nairobi ina njia nane za magari. Hapana shaka imeleta faida kubwa. Safari iliyochukua muda mrefu ikawa ya muda mfupi, biashara zikastawi, na mashamba ya Ruiru na Juja yakageuka kuwa mitaa.

Lakini barabara iendayo kasi huigawa nchi mara mbili, kama mto mkubwa. Mtu anayekaa upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili lazima avuke. Madaraka ya kuvukia waendao kwa miguu yalijengwa, lakini si kila mahali palipo na watu pana daraja, na mahali pengine daraja liko mbali hata mtu aliyechoka hujaribu kukimbia kati ya magari. Barabara ilitengewa pia njia za waendao kwa miguu na baisikeli kando yake. Lakini mtu azifuataye huona kwamba mahali pengine zimejaa vibanda vya wachuuzi, pengine pikipiki zimezifanya njia yao ya mkato, na pengine matatu zimezifanya kituo. Mpanda baisikeli akikuta njia imezibwa hana la kufanya ila kuingia barabarani, kati ya lori na matatu.

Katika mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Kenya, na waendao kwa miguu walikuwa wengi kuliko kundi lingine lolote. Wale wasio na motakaa ndio wauawao zaidi na motakaa. Kila mmoja wao alikuwa mzazi au mtoto wa mtu, na nyumba nyingi zilibaki bila wa kuzilisha. Kwa hiyo tukisema watu wapande baisikeli bila kusema wapande wapi, tutakuwa tunawatuma hatarini.

MIJI MINGINE ILIFANYAJE?

Hapo ndipo penye fundisho kubwa la London, Paris na Copenhagen. Watu hawakujaza njia kwa baisikeli ndipo serikali ikawajengea njia. Njia zilijengwa kwanza, ndipo watu wakaja.

Uholanzi ni mfano ulio wazi. Leo nchi hiyo yajulikana ulimwenguni kote kwa baisikeli, na wengi hudhani kwamba imekuwa hivyo siku zote. Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 Waholanzi walikuwa wakiziacha baisikeli na kununua motakaa, na miji ikabomolewa ili kuzipisha. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walikasirika. Waliandamana, wakafunga njia, wakadai mauaji ya watoto yakomeshwe. Mwaka 1973 ukaja upungufu wa mafuta ya petroli, na serikali ikapiga marufuku motakaa siku za Jumapili kwa muda. Watu wakaona kwa macho yao jinsi mji ulivyo bila motakaa. Tangu hapo wakaanza kujenga njia za baisikeli zilizotengwa na za magari, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Huko London, mwaka 2003 ilianzishwa ada ya kulipwa na kila mwenye motakaa aingiaye katikati ya mji siku za kazi. Baadaye zikajengwa njia pana za baisikeli zenye ukingo wa kuzitenga na magari, na mojawapo kubwa, ifuatayo kando ya mto Thames, ilifunguliwa mwaka 2016. Watu wengi walilalamika kwamba njia hiyo itawanyima motakaa nafasi. Leo hesabu zimewajibu.

Wala si Ulaya tu. Hapa kwetu Nairobi, mwaka 2015, Kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikikusudia kwamba sehemu ya fedha za barabara itumiwe kwa waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Kuanzia mwaka 2020 njia kadhaa za katikati ya Nairobi, kama vile Kenyatta Avenue, Wabera Street na Muindi Mbingu Street, zilitengenezwa upya na kuongezewa nafasi za watu. Kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wa mji, lakini imeonyesha kwamba yawezekana.

YAPASAYO KUFANYWA THIKA NA RUIRU

Kwanza, njia ziunganishwe. Njia nzuri ya mita mia tatu iishiayo mtaroni haina faida. Ni afadhali njia moja kamili kutoka Makongeni mpaka sehemu ya viwanda ya Thika, na nyingine kutoka mitaa ya Ruiru mpaka stesheni ya reli, kuliko vipande vingi vilivyotapakaa.

Pili, njia hizo zitengwe kwa ukingo wa saruji wala si kwa rangi tu, kwa maana rangi haimzuii dereva mwenye haraka. Na zilindwe zisigeuzwe soko. Wachuuzi nao wana haki ya kuishi. Basi watengewe mahali pao karibu na hapo, ili pasiwe na vita kati ya mnyonge na mnyonge mwenzake.

Tatu, mwendo wa magari mjini upunguzwe. Sheria ya Kenya yasema kwamba ndani ya mji gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Mtu akigongwa na gari liendalo polepole aghalabu hupona. Akigongwa na liendalo kasi aghalabu hufa. Mahali penye shule na soko, hata mwendo huo ni mwingi.

Nne, pawe na mahali pa kuegesha baisikeli penye mlinzi, karibu na stesheni, vituo vya matatu, masoko, viwanda na hospitali. Mtu hawezi kuacha chombo chake mahali ambapo hana hakika ya kukikuta. Kwa mwajiri, kibanda cha kuegesha baisikeli hamsini ni gharama ndogo, nacho humletea wafanyakazi wasiochelewa.

WAJIBU WA MPANDA BAISIKELI

Serikali ya Kaunti ina kazi yake, lakini mwenye baisikeli naye ana yake. Breki zote mbili ziwe nzima, na zijaribiwe kila asubuhi kabla ya kuondoka. Kengele ilie. Usiku pawe na taa mbele na taa nyekundu nyuma, na nguo nyeupe au ya rangi ing'aayo ni bora kuliko ya rangi nyeusi. Mnyororo utiwe mafuta, na matairi yajazwe upepo wa kutosha. Mpanda baisikeli afuate upande wa kushoto kama magari mengine, asipite taa nyekundu, wala asipande juu ya njia ya waendao kwa miguu kwa kasi. Akitaka kukata kona na atoe mkono mapema. Mizigo isizidi upana wa mikono yake.

Dereva wa matatu au lori naye akumbuke kwamba upepo wa gari lake peke yake waweza kumwangusha mtu. Anapompita mpanda baisikeli na aache nafasi ya mita moja na nusu, na kama hakuna nafasi, angoje. Nusu dakika ya kungoja haimfilisi mtu.

Na kwa wale wasemao kwamba baisikeli haiwafai wanawake, tuseme wazi kwamba hilo ni neno la desturi tu. Chombo hakijui ajuaye kukiendesha ni nani. Huko Copenhagen wanawake hupanda sawa na wanaume, wengine wakiwa na watoto wao kwenye baisikeli. Wataalamu husema kwamba alama ya njia salama ni kuona wanawake, wazee na watoto juu yake. Njia ambayo vijana wenye ujasiri tu ndio wathubutuo kuipita, hiyo bado haijawa njia.

Sheria za Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010 zinawapa wananchi nafasi ya kusema katika mipango ya kaunti na katika matumizi ya fedha zake. Mikutano ya kutoa maoni juu ya bajeti hutangazwa, na mara nyingi wahudhuriao ni wachache. Mfanyakazi wa Kiganjo, mama wa sokoni, mwanafunzi wa Juja na mzazi wa Kihunguro wakienda huko pamoja, wakataja njia moja wanayoitaka, inaanzia wapi na inaishia wapi, watasikilizwa zaidi kuliko wakilalamika kila mmoja peke yake kando ya barabara. Wazazi wa Uholanzi walianza hivyo, nao hawakuwa na kitu mkononi ila umoja wao na uchungu wa watoto wao.